Miaka Miwili Iliyotoka Walikale

Ninyi vijana mnaokaa leo katika ofisi za masomo, na kompyuta mbele yenu, nawaonea wivu kidogo na huruma nyingi. Wivu, kwa sababu mnabonyeza tu na alama za mwanafunzi zinatokea. Huruma, kwa sababu siku alama hizo zisipotokea mnamwangalia mwanafunzi kana kwamba yeye ndiye hayupo.

Mjukuu wangu ameanza kazi hiyo mwaka huu. Juzi akanipigia simu: "Koko, kuko muntu hapa anasema alisomaka informatiki fasi ingine, miaka mbili nzima, na hana hata karatasi moja. Nimufukuze?" Nikamwambia amtafutie yule mtu kiti, naye akae, kisha anisikilize. Haya ndiyo niliyomwambia, pamoja na yale yaliyonibaki mdomoni kwa sababu simu ilikatika.

Nilikuwa sekreteri wa masomo katika chuo kidogo juu ya vilima vya Masisi, na karibu miaka yangu yote ya kazi ilikuwa miaka ya vita. Kila mapigano yakianza upande fulani, sisi tulijua kabla ya redio, kwa sababu wanafunzi wa upande huo walianza kufika mlangoni kwetu. Mmoja alikuwa amesoma mwaka mmoja kwingine, mwingine miwili, na kila mmoja alitaka aendelee pale alipofika. Siku hizi mnasema krediti. Sisi tulisema masomo ya kukubaliwa. Jina limebadilika, lakini jasho ni lile lile: mtu amekaa mbele yako, na wewe unatafuta namna ya kuwaonyesha walimu kwamba kilichomo kichwani mwake kiliingia kweli.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Anselme, sekreteri aliyenitangulia. Alikuwa mtu wa thermos. Hakuna mwanafunzi aliyeketi mbele yake bila kumiminiwa chai, na mimi kijana niliona anapoteza wakati. Siku moja nilimletea mtu aliyekuwa na karatasi nzuri ajabu, mihuri imejaa hadi pembeni, nami nikadhani mihuri mingi ni ukweli mwingi. Papa Anselme hakuigusa karatasi. Alimimina chai akauliza: "Sema, somo gani ilikushinda kule?" Yule bwana akajibu kwamba hakuna, yote yalikuwa mepesi. "Na mwaka wa kwanza mulisoma nini?" Akasema walisoma kuwasha kompyuta. "Na wa pili?" Kuizima. Papa Anselme akamwacha amalize chai yake kwa heshima, kisha akamsindikiza hadi barabarani.

"Ukiuliza karatasi," aliniambia aliporudi, "itakujibu tu kile baliandika juu yake. Uliza muntu kitu ilimushinda. Mwenye kusoma kweli ataanza kulalamika, na hautamunyamazisha."

Nililijaribu neno lake. Nilimuuliza kijana mmoja swali hilo, naye akalilalamikia somo la takwimu hadi chai ikapoa, akasimama, akaketi, karibu alie. Huyo alikuwa wa kweli, na alimaliza kwetu vizuri. Tangu siku hiyo nami nikanunua thermos.

Sasa nifike kwa Sifa, maana ndiye niliyetaka kuwasimulia.

Alikuja msimu wa mvua, viatu mkononi, matope hadi magotini. Msichana mwembamba, anazungumza polepole. Alikuwa amekimbia Walikale na mama yake, na sasa walikaa Kashuga, katika kambi ya waliokimbia vita.

"Mama Sekreteri, niko natafuta fasi ya kumaliza," akaniambia. "Nilisomaka informatiki kule Walikale, miaka mbili. Nilibakisha mwaka moja tu."

"Karatasi ya alama iko wapi?"

"Ilibakia kule. Masomo ilifungwa, batu bote balikimbia. Sekreteri wetu sijue kama angali muzima."

Nikamimina chai. Nikamuuliza walikuwa na kompyuta ngapi.

"Moja. Ilikuwa ndani ya sanduku. Baliiiba hata hatujaifungua."

Nilitaka kucheka, lakini nilimwona hana mzaha. Nikauliza walisoma informatiki na nini, basi.

"Sisi wenyewe njo tulikuwa mashini," akasema.

Ndipo akanieleza. Mwalimu wao, baada ya kompyuta kuibwa, aliwaketisha wanafunzi kwenye mabenchi kwa mistari. Kila mmoja alishika sahani, na kila sahani ilikuwa na jina lake: A, B, C, na kuendelea. Punje za mahindi ndani ya sahani ndizo zilikuwa hesabu. Mmoja alisimama mbele akisoma program waliyoiandika, amri moja moja, na wenye sahani walitii: huyu ahesabu, huyu ampe mwenzake, huyu alinganishe na wa pembeni. Wakimaliza, walitazama sahani, na jibu lilikuwa mle. Ndivyo walivyosoma miaka miwili.

"Na somo gani ilikushinda?" nikauliza.

Hapo akaweka kikombe chini. "Mama, kupanga hesabu, kutoka ndogo mpaka kubwa! Sahani zinakuwa mingi, munaenda, munarudi. Mumoja akisinzia, munaanza upya. Na siku ya njaa, muntu anakula data. Munafika mwisho, jibu haiko sawa, munatafuta kosa fasi yote, kumbe iko ndani ya tumbo ya Bahati!"

Nilicheka mpaka nikafuta machozi, na yeye pia akacheka kidogo. Kisha akauliza lile lililomleta.

"Bakinikatala, nitarudia mwaka wa kwanza?"

Nikamwambia ndivyo sheria inavyosema.

"Basi sitarudia, Mama. Nitaenda kulima na mama yangu. Nyumba tuliacha, mbuzi tuliacha, hata picha ya baba tuliacha. Ile miaka mbili njo kitu moja nilitokaka nayo. Mukisema haiko, basi sikutoka na kitu."

Nawaambia wazi, moyo uliniuma. Nilikuwa na watoto wa rika lake. Nikaandika jina lake na kumpeleka mbele ya juri, yaani walimu wanaoamua nani aingie na nani apite, ingawa nilijua vizuri watasema nini.

Mkubwa wa juri alikuwa Direkteri wetu wa masomo. Msimdhanie vibaya. Alikuwa mtu mwema, lakini chuo chetu kilikuwa kidogo, na kule mjini walitusema kwamba huku vilimani tunagawa diploma kama viazi. Hilo lilimkaa kooni. Nilipomaliza kueleza habari za sahani na mahindi, alivua miwani yake.

"Mama Sekreteri, hii iko michezo ya batoto. Tukitoa miaka mbili hivi hivi, diploma yetu itabakia na nini?"

Aliyemjibu ni CT Déo. CT ni mwalimu wa chuo ambaye bado hajawa profesa, na huyu ndiye aliyefundisha informatiki kwetu, kijana mpole aliyekuwa akitembea na waya mfukoni. Alisema: tusibishane bure, tumpe msichana kazi ya mwaka wa pili, aifanye kwenye kompyuta ya kweli, tutaona.

Kompyuta za kweli tulikuwa nazo tatu, ila mafuta ya jenereta hatukuwa nayo. Umeme ulipatikana kwa Papa Paluku tu, mfanyabiashara Mnande kutoka Butembo, aliyeuza chumvi, sabuni na majembe, na kuchaji simu za mji mzima. Jenereta yake alikuwa ameivisha rozari, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Basi tukabeba kompyuta moja kwenye kitenge changu, juri nzima nyuma yangu, tukaiweka juu ya magunia ya maharage dukani kwake.

CT Déo akampa Sifa kazi: kuna mifuko mitano ya maharage, kilo zake hazilingani, andika program iipange kutoka mdogo hadi mkubwa. Sifa aliandika kwanza kwenye karatasi, haraka, bila kufuta. Kisha akaanza kuandika kwenye mashini. Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu hakuwa amewahi kubonyeza zile herufi. Alizitafuta kwa kidole kimoja, moja moja, na Papa Paluku, aliyekuwa akiwapimia wateja chumvi, alimsaidia: "M iko pale mwisho, mutoto yangu, mi nilishaionaka."

Akamaliza. Papa Paluku akasoma kilo za mifuko yake, kuanzia mzito hadi mwepesi, Sifa akaziingiza. Tukainama wote. Kwenye kioo mifuko yote mitano ikawa na uzito mmoja: ule wa mfuko mdogo kuliko yote.

"Hii mashini inaniiba kilo!" akasema Papa Paluku. "Mizani yangu ikisema hivi, batu batachoma duka."

Direkteri hakucheka, wala hakufurahi. Alisema tu, "Munaona." Sifa alikuwa akitazama kioo kama mtu aliyetukanwa na ndugu.

CT Déo akaichukua karatasi yake, akasoma toka juu hadi chini, akarudia. Kisha akaweka kidole mahali pamoja.

"Hapa, unataka A na B babadilishane. Eleza namna gani."

"B anapatia A yake, A anapatia B yake," akasema Sifa. Akaonyesha kwa mikono: mkono mmoja unapokea, mwingine unatoa, kwa wakati mmoja. Ndivyo watu wawili wenye sahani wanavyobadilishana, na mimi pia nisingefanya vingine.

"Mashini haina mikono mbili," akasema CT Déo kwa upole. "A ikipokea ya B, ile yake ya zamani inafutika palepale. Na B inabakia na yake, sababu haikutoa punje, ilitoa kopi."

Sifa akamwangalia. "Inatoa, na inabakia nayo?"

"Njo vile."

"Inatoa, na inabakia nayo," akarudia, na nilimsikia akisema taratibu, kana kwamba ameambiwa kuna nchi ambako mtu anaweza kutoa asibaki mtupu. Kisha akaitwaa kalamu. "Basi lazima sahani ya tatu. Ya A iende kwanza kungojea kule." Akaongeza mstari, akarekebisha kwenye mashini kwa kidole chake kimoja, na mifuko ya Papa Paluku ikajipanga sawasawa.

Mimi nilidhani yameisha, nikaanza kukunja kitenge. Lakini Direkteri akasema hapana. Amesahihisha kwa sababu ameonyeshwa. Na kosa lile, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulifanya, kwa hiyo mahali pake ni mwaka wa kwanza.

"Papa, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hawezi kuandika hii ingine yote," akasema CT Déo, akipiga karatasi kwa kidole. "Yote iko sawa, hata fasi yenye banafunzi yangu ya mwaka wa pili banaanguka. Kosa iko moja tu, na mi naona iko kosa ya sahani. Muntu mwenye kununua karatasi hawezi kukosa hivi. Hii, ni lazima muntu afundishwe."

Nikamkumbuka Papa Anselme na thermos yake. Nikasema, "Papa Direkteri, Sifa aliniambia kule Kashuga kuko mwengine wa ile masomo ya Walikale. Bahati, ule mwenye kula data."

Direkteri alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akipewa kipimo hawezi kukikataa. "Mumulete," akasema. "Na huyu musichana asisemeshane naye. Akikosa fasi ile ile, nitaamini bote balisoma kwa mwalimu mumoja. Akikosa fasi ingine, tumemaliza."

Nilikwenda mwenyewe kwa pikipiki, kwa sababu nisingemtuma Sifa, na simu za Kashuga siku zile hazikushika. Kwenye kizuizi kimoja wenye silaha wakaniuliza nakwenda kufanya nini. Nikawajibu ukweli, kwamba nakwenda kumwita mwanafunzi aje akosee. Wakatazamana, wakadhani mama huyu vita vimemharibu akili, wakaniachia nipite.

Kambini nilimkuta mama yake Sifa akichambua maharage mbele ya hema. Hakuuliza habari za diploma. Aliuliza, "Mwanangu anakula huko?" Nikasema anakula kwangu. Akasema, "Usiku ule wa kukimbia nilimuambia aache madaftari, abebe sufuria. Aliacha. Sasa anasema nilimuambia aache muzigo yenye ingemusaidia." Nikamshika mkono, kisha nikamuuliza Bahati alipo.

Bahati alikuwa shambani kwa mtu, analima viazi. Kijana mrefu, mcheshi. Nilimwambia tu kwamba chuo chetu kinataka kumpa jaribio, akajipangusa mikono kwenye suruali akapanda nyuma yangu. Njiani alinisimulia jinsi walivyokuwa wakimsingizia kula mahindi. Nikamuuliza kama kweli alikula. "Mara mingine," akasema.

Dukani kwa Papa Paluku watu walikuwa wamejaa, maana habari zilienea kwamba kuna mashini inayoiba kilo. Direkteri alimketisha Sifa karibu naye kabisa, asije akatoa ishara. Sifa alijifunika mdomo kwa pembe ya kitenge. CT Déo akatoa kazi ile ile, kwa maneno yale yale, na Bahati akaanza kuandika.

Aliandika vizuri. Akashuka mstari kwa mstari mpaka akafika mahali pa kubadilishana. Hapo akasimama. Akakuna kichwa kwa kalamu. Nikaona vidole vya Sifa vimeikaba ile pembe ya kitenge. Kama Bahati angewaza vizuri kidogo zaidi ya mwenzake, kama angegundua sahani ya tatu peke yake, msichana yule angerudi Kashuga kuchambua maharage. Nimefanya kazi ya shule maisha yangu yote, na hiyo ndiyo siku pekee niliyomwomba Mungu mwanafunzi akosee.

Bahati akainua mikono yake miwili hewani, mmoja ukapokea, mwingine ukatoa. Akatikisa kichwa, akaridhika, akaandika.

Tulipoingiza kilo, Papa Paluku ndiye aliyewahi kuona. "Imeiba tena!" akapaza sauti. "Mifuko yote, kilo za mudogo! Vile vile!"

Duka zima likapiga makofi. CT Déo aliruka na waya zake mfukoni. Wateja ambao hawakujua hata tunapima nini walipiga makofi pia, na Bahati akasimama katikati akiwa amechanganyikiwa kabisa: "Nimekosa, na munanishangilia?" Sifa alikuwa amefunika uso wote sasa, na mabega yake yalitikisika, nami sikumwondolea kitenge usoni, nilimshika tu mgongoni.

Direkteri alingoja kelele zipungue. Akamwomba CT Déo amweleze tena, polepole, habari za B inayotoa na kubaki nayo. CT akaeleza. Direkteri akaitikia kwa kichwa, akaomba karatasi, akaandika juu ya gunia la maharage: Sifa, miaka miwili yote imekubaliwa, aingie mwaka wa tatu, na mazoezi ya mashini atafanya Jumamosi pamoja na wa mwaka wa pili. Akatia saini. Akaandika ya Bahati vivyo hivyo.

Sifa alipoipokea hakusema asante kwanza. Aliisoma, akaniuliza, "Mama, ni ya kweli? Iko?"

"Iko," nikamwambia. "Ulitoka nayo."

Nikaanza kuifunga kompyuta kwenye kitenge, maana Papa Paluku alikuwa anataka kuzima jenereta. Direkteri alikuwa bado ameshika kalamu, hajaifunika.

"Mama Sekreteri, banafunzi ba ile masomo ya Walikale, kule kambini bamebakia bangapi?"

"Bengi, Papa," nikasema. "Lakini hakuna hata mumoja mwenye karatasi."

Akaivaa miwani yake.

"Basi bakuje na kosa yabo."